Sisi Tuliokuwa Rahisi

Msimu uliopita wa kukata miwa, vijana wa kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Awendo, waliitisha mkutano chini ya mwembe wa sokoni. Ajenda ilikuwa moja: Watanzania. Walisema vijana wa Rorya na Tarime wanavuka mpaka wa Isebania, wengine kwa kibali na wengine kwa njia za panya, wanakuja kukata na kupakia miwa kwa malipo ambayo kijana wa hapa akiyapeleka nyumbani mkewe atamuuliza mengine ameyanywea wapi. Chifu aitwe, wafukuzwe. Mmoja wao, niliyemfundisha hesabu darasa la saba, alisimama akasema, "Hawa wanatushushia bei, Mwalimu. Wewe ni mzee wetu. Tuambie kama tunakosea."

Nilikohoa. Nikasema jambo ni zito, nipewe muda. Wakanistahi, wakaingia kwenye mengine. Hakuna aliyetaja, ingawa wote walijua, kwamba saa ileile ng'ombe wangu sita walikuwa mtoni wakichungwa na kijana wa kutoka Rorya, na kwamba nilimchukua kwa sababu ileile iliyowakasirisha.

Muda niliopewa umekuwa mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Mengi ya muda huo nimekuwa nikimfikiria baba yangu.

Baba alizaliwa wakati ambapo Migori na Homa Bay zote ziliitwa Kavirondo Kusini. Kodi ya nyumba ililipwa kwa fedha, na fedha haikuota Karachuonyo wala Kanyamkago. Ilikuwa Kericho kwenye chai, Magadi kwenye magadi, Kilindini kwenye meli, Thika kwenye mkonge. Kwa hiyo wanaume waliifuata. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kuuma baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mpaka ilipofutwa mwaka 1947 kila mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole na maneno ya mwajiri wake, imefungiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Baba alikivaa Kericho. Alikiita kengele ya mbuzi. Alituambia kwamba kikebe chenyewe hakikuwa kizito. Kizito kilikuwa saini. Bwana asipotia saini kwamba amekuachilia, hukuweza kwenda kuomba kazi kwingine, na mtu asiyeweza kwenda kwingine hana la kubishania mshahara. Atachukua anachopewa.

Kiswahili kina neno moja la bei ndogo na la jambo lisilo na taabu: rahisi. Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi walinisumbua wakitaka kujua kwa nini maana hizo mbili zimelala kitanda kimoja. Sikuwa na jibu. Leo ningewaambia kwamba kibarua rahisi ni yule ambaye kumwondoa ni rahisi.

Baba alituhadithia pia kwamba mzee mmoja wa Kipsigis, mwenyeji wa vilima vile vya chai, alimwambia siku moja bila hasira: ninyi watu wa ziwani mnakubali kila kitu, ndiyo maana sisi hatuitwi kazini. Sisi ndio tuliokuwa Watanzania wa Kericho.

Miaka ya 1950 akaiacha chai, akaenda Uganda, kwenye kiwanda cha sukari upande wa Jinja. Hakuwa na pasi ya kusafiria, na hakuna aliyemwuliza. Shilingi ilikuwa moja, reli moja, posta moja. Wajaluo walijaa kwenye mashamba ya miwa, kwenye reli, kwenye viwanda vya Jinja na Kampala, na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi huko walikuwa Wakenya. Baba alijiunga na chama, akapanda akawa mnyapara, na kila likizo alirudi na kitu: baiskeli, blanketi, mwaka mmoja redio iliyofanya uwanja wetu ujae watu hadi usiku. Nilisomeshwa na sukari ya Uganda. Hilo sitaki lisahauliwe na yeyote anayenisoma.

Wakati huohuo mtu mwingine wa huku kwetu alikuwa akiwafundisha vibarua wa Kenya namna ya kupandisha bei yao. Rusinga inajivunia kaburi la Tom Mboya, lakini Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa mnyapara. Alikuwa mtoto wa mtu aliyehama kutafuta kodi. Machi 1955 makuli wa Mombasa walipogoma, Mboya alikuwa na miaka 24. Aliteremka kutoka Nairobi, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya msuluhishi, na mshahara ukapanda kwa theluthi. Wengi wa makuli wale walikuwa wageni Pwani, watu wa bara, wakiajiriwa kwa siku kama mzigo wanaoubeba. Bei yao ilipanda, na hakuna aliyefukuzwa bandarini ili ipande. Jambo hili nilikuwa nikilifundisha kila mwaka kwenye somo la historia, wanafunzi wakinakili tarehe, na mimi mwenyewe nikanakili tarehe tu.

Sasa nifike mahali ambapo kizazi changu hakipendi kufika. Mwaka 1967 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Asiye raia akahitaji kibali kufanya kazi, na mfanyabiashara asiye raia akazuiwa kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa. Walengwa walijulikana: Wahindi. Kendu Bay, Homa Bay, Rongo, maduka mengi ya mabati yalikuwa yao, wengine wakiwa hapo tangu babu zao waliposhuka melini. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza, na Uingereza nayo, Machi 1968, ikatunga sheria ya haraka ya kuwafungia mlango. Nilikuwa kijana wa miaka 16 sheria zetu zilipopita. Nilishangilia. Duka ambalo mama alinunua chumvi lilifungwa, likafunguliwa na mtu wetu, na baada ya mwezi chumvi ilikuwa ghali zaidi, lakini tuliinunua kwa fahari.

Oktoba 1970 zamu ikatufikia. Serikali ya Milton Obote iliamuru kazi zisizohitaji ujuzi Uganda zifanywe na Waganda, na Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, wakaondoka katika muda mfupi. Baba alirudi na sanduku la bati na begi moja. Baiskeli ya pili, ile aliyokuwa akiisifia kwenye barua, hatukuiona. Alifika usiku, akanywa uji uliobaki, akalala siku mbili. Nilipomwuliza kilichotokea, alijibu maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii: "Walisema tunawashushia bei." Kisha akaongeza kwamba jirani yake wa Jinja, Msoga aliyepewa kazi yake, alipewa na mshahara mdogo kuliko wake.

Hapo sikuunganisha la Mhindi wa chumvi na la baba. Nilikuwa na miaka 19, na kijana wa miaka 19 ana dhuluma moja tu anayoweza kuiona kwa wakati mmoja. Miezi mitatu baadaye Idi Amin alimpindua Obote, na mwaka 1972 akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Baba alisikiliza habari hiyo redioni, akainuka, akaizima. Sisi vijana tulitaka kuendelea kusikiliza.

La mpaka wa Tanzania nitalipita haraka, maana wenzangu wa Suna na Kuria wanalijua kuliko mimi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mkuria mwenye boma Kenya na malisho Tanzania alijikuta akifanya magendo kwa kutembea hadi kwa shangazi yake. Watu wa Nyatike waliozoea kutibiwa hospitali ya Shirati walivuka usiku na wagonjwa. Kazi haikusimama hata siku moja. Ilichofanya ni kuanza kulipwa gizani, na malipo ya gizani hayahesabiwi vizuri.

Kijaluo kina neno jadak, wingi wake jodak: mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Jadak alipewa pa kulima na pa kujenga, alisaidia kazini na vitani, aliweza kuoa binti wa wenyeji na kukaa vizazi vitatu. Lakini siku ya baraza sauti yake ilikuwa ndogo, na siku ya ugomvi alikumbushwa ni nani. Huku kusini tunalipenda sana neno hilo, na tunalitumia kama watu ambao hawakutoka popote. Abasuba wa Rusinga na Mfangano wana simulizi kwamba mababu zao walipiga makasia kutoka upande wa Buganda wakikimbia vurugu za kifalme. Wajaluo wengi wa Migori walishuka kutoka kaskazini ya ghuba ya ziwa wakitafuta mashamba. Wamaragoli walihamia hapa kutoka kwenye vilima vyao vilivyojaa, na leo huwatofautishi sokoni. Ukimfukuza kila jadak, Migori itabaki na mto na madaraja.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaisema kwa kicheko, kumchokoza mgeni mvivu. Sijasikia mtu akiendelea kuuliza jembe lile mgeni analilima kwa malipo gani, na mavuno ya nani.

Vitabuni mambo yamenyooka. Jumuiya ilifufuliwa, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010: watu watembee huru, wafanyakazi wafanye kazi popote. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubali tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Tena majedwali ya itifaki, niliyoyasoma kwa miwani na subira ya mstaafu, yanamzungumzia zaidi mtu mwenye cheti: mwalimu, mhandisi, muuguzi. Mkata miwa hana ukurasa. Yeye ndiye anayevuka kila siku, yeye ndiye asiyetajwa. Na Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii na kununua mazao shambani kwa mkulima. Serikali yetu ikalalamika kwamba itifaki imevunjwa. Vijana wetu nao walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu wako watu wa hapa wenye vibanda vyao Sirare, ng'ambo ya mpaka. Niliisoma amri ile mara mbili. Ilinikumbusha sheria yetu ya 1967 kama mtu anavyokumbushwa sura ya marehemu na mtoto wake.

Huku mambo yakiwa hivyo, mjukuu wangu yuko Riyadh. Ana diploma ya hoteli. Alikaa nyumbani miaka miwili akisubiri kuitwa kazini, akachoka, akaenda kufanya kazi za ndani. Hunipigia Ijumaa, mwajiri wake akiwa ametoka. Ijumaa moja aliniambia, "Kwara, humu ndani tuko wawili. Mwenzangu ni Mfilipino. Mimi ninapika na kuosha, yeye anaosha na kupika. Mimi riyali 900, yeye 1,500."

Nikamwuliza kama mwenzake ni mzoefu zaidi. Hapana. Kama anajua Kiarabu. Kidogo tu, yeye anamzidi. "Basi kwa nini?"

"Serikali yao ilisema."

Nililifuatilia, kwa kuwa mwalimu hastaafu kichwani. Ni kweli: mwaka 2006 Ufilipino iliweka sharti kwamba raia wake hatakwenda nje kufanya kazi za nyumbani kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Waarabu walilalamika, wakalipa. Kwa mwaka 2024 pekee Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya inazoingiza chai yetu yote, chai ya Kericho iliyomvunja baba mgongo ikiwa ndani. Nchi inayoletewa fedha kiasi hicho na mabinti zake ingeweza kuketi mezani ikataja bei. Badala yake tunahesabu waliopanda ndege na kujisifu kwa idadi, kama mtu anayejisifu kwa wingi wa ng'ombe aliouza bila kutaja aliwauza kwa shilingi ngapi.

Mjukuu wangu aliniambia pia kwamba hawezi kuhama kwa mwajiri mwingine bila huyu kukubali. Saudia ililegeza utaratibu huo Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nimekaa nje, jioni, na ng'ombe walikuwa wakirudi. Ndama mmoja ana kengele.

Ndipo nilipomwangalia kijana wa Rorya kwa mara ya kwanza nikiwa na hesabu kichwani. Ana miaka ishirini na kitu. Alikuwa amekaa kwangu mwaka na miezi miwili. Hakuwa na kibali, nami sikuwa nimemsaidia kukitafuta, na nikijichunguza vizuri, sikumsaidia kwa sababu asiye na kibali haombi nyongeza. Hakuna aliyenifundisha hila hiyo. Ilinijia yenyewe, kama ilivyomjia bwana wa Kericho na saini yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wa mwembeni, ambalo limechelewa, ni hili. Bei inashuka, hilo mmeliona sawasawa, na msikubali msomi yeyote wa Nairobi awaambie mnaota. Tani ya miwa inayokatwa kwa pesa ndogo na Mtanzania haimfanyi mlaji wa Homa Bay anunue sukari kwa bei ya chini. Tofauti inabaki mfukoni mwa mwenye kandarasi, na mwenye kandarasi mnamjua kwa jina la baba yake. Lakini mkimfukuza kijana wa Tarime leo, wiki ijayo ataletwa mwingine kutoka mbali zaidi, naye atakuwa rahisi zaidi kwa sababu atakuwa ameogopa zaidi. Kericho walileta kwanza sisi, sasa wameleta mashine. Mei 2023 vijana wa huko walizichoma moto, na ninaielewa hasira yao, ila mashine haijawahi kuogopa moto kama kibarua anavyouogopa.

Itisheni mkutano mwingine kabla ya msimu. Kiwango cha kukata na kupakia kiwe kimoja kwa tani, kiandikwe, kibandikwe ukutani kwenye mizani, alipwe hivyo kila mwenye panga bila kuulizwa alizaliwa ng'ambo gani. Wa Rorya na Tarime waalikwe kwenye mkutano huohuo, waketi, waseme. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa wana chama chao. Waulizeni viongozi wake kwa nini mgeni hawamwandikishi. Na mtakapomaliza na mwenye kandarasi, njooni kwangu.

Mimi nimeanza. Amri ya mishahara ya kilimo ya Kenya inamtaja mchunga mifugo waziwazi, na haisemi popote awe raia wa wapi. Tangu Februari ninamlipa kijana wangu kwa kiwango hicho, na tulikwenda pamoja Isebania kuulizia kibali chake. Tumeambiwa turudi na karatasi mbili zaidi. Malimbikizo ya miezi 14 nilimpa ndama, yule mwenye kengele. Tulikadiria bei yake mbele ya jirani, ikapungua. Salio bado ananidai.